Kidonge Namba Saba

Senorina Mbawala alikosea kuchomelea mshono wa tatu siku ya Jumanne. Mkaguzi alipopitisha taa ukutani, alikuta chuma kimeganda pembeni ya ufa badala ya kuingia ndani yake, umbali wa upana wa kidole. Katika Kituo cha Ukingoni, mita arobaini chini ya vumbi la Mwezi, ufa usiozibwa ni njia ya hewa kutoroka. Senorina alikuwa amechomelea kuta hizo kwa miaka minne na hakuna siku aliyowahi kurudishiwa kazi. Mkaguzi hakumgombeza. Alimwambia tu aweke vifaa chini aende zahanati.

Siku mbili baadaye Daktari Shaweji alishuka mwenyewe hadi chumba cha kuvu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwa sababu chumba kile kilinuka mkate mchachu na yeye alikuwa mtu wa kuchagua harufu. Ndani kulikuwa na matangi manne ya chuma, marefu kama mtu, na kuvu nyeusi ikikua ndani yake. Nyamizi Kasanda alikuwa anasafisha kichujio cha tangi la pili.

"Bi Nyamizi, una dakika?"

"Ninazo, Daktari. Sogea huku, hapo utalowa."

Shaweji alitoa mfukoni mrija mdogo wa kioo. Ndani yake kulikuwa na maji yenye rangi ya tofali.

"Hiki ni nini?" Nyamizi aliuliza.

"Mkojo wa Senorina Mbawala. Nimeuchemsha na ile dawa ya bluu ya shaba, kama tulivyofundishwa sekondari. Unakumbuka? Sukari ikiwepo, bluu inageuka tofali."

"Ana kisukari?"

"Ndivyo nilivyodhani. Nikapima damu mara tatu. Glukosi yake iko sawa kabisa, pengine iko vizuri kuliko yako na yangu. Lakini ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ana miaka thelathini na mitatu, Bi Nyamizi. Sasa kuna sukari kwenye mkojo wake ambayo si glukosi, na mimi kwa sukari nyingine si mtaalamu. Mtaalamu wa sukari hapa ni wewe."

Nyamizi aliuchukua mrija akauinua kwenye taa. Alijua jibu kabla mkono haujafika juu.

Watu tisini na sita wa Ukingoni waliishi kwa maharage, kunde na dengu. Hakuna mmea uliotoa chakula kingi vile kwa eneo dogo vile chini ya taa. Tatizo lilikuwa tumbo. Ndani ya maharage kuna sukari ambazo mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuzivunja. Hupita tumboni nzima nzima, hufika utumbo mpana, na huko bakteria huzifanyia sherehe. Matokeo yake kila mtu anayajua. Duniani mtu hutoka nje akatoa hewa, mambo yakaisha. Ukingoni hakuna nje. Ushuzi wa watu tisini na sita uliingia kwenye kichujio cha hewa, na kiberiti kilichomo ndani yake, yaani ile salfa inayonuka, kidogo lakini cha kila siku, kiliua polepole madini ya kichujio hicho. Kichujio kikifa, watu wangefuata.

Ndiyo maana kulikuwa na kidonge. Kuvu ya Nyamizi ilitengeneza kimeng'enya kinachozipasua sukari za maharage mapema, zikasharabiwa mwilini kabla bakteria hawajazipata. Kila mtu alimeza kimoja kabla ya kila mlo, kwa sheria, mbele ya dirisha la bwalo. Mwaka uliotangulia Nyamizi alikuwa amezalisha kuvu mpya, ya saba katika majaribio yake, ambayo kimeng'enya chake kilifanya kazi kwa saa nane badala ya mbili. Gesi ilipungua kwa zaidi ya nusu. Watu walimpigia makofi bwalo zima, na mpishi akamwandikia jina lake kwenye chapati ya dengu kwa ufuta.

"Sukari ya maharage ikipasuliwa," alisema hatimaye, "kipande kimoja kinachotoka ni galaktosi. Ndiyo ile ile iliyo kwenye maziwa. Ini la mtu wa kawaida linaishughulikia bila shida. Lakini wako watu wachache, hatua ya kwanza ya kazi hiyo ni dhaifu kwao tangu kuzaliwa. Galaktosi inabaki kwenye damu. Inaingia kwenye lenzi ya jicho, inavuta maji, lenzi inakuwa na ukungu."

"Na kidonge cha zamani?"

"Kilikuwa kinatoa kidogo. Pengine mwili wake ulimudu. Namba Saba kinatoa yote, mara tatu kwa siku." Alimrudishia daktari mrija. "Muulize kama alikuwa anakunywa maziwa utotoni."

"Nimeshamuuliza kuhusu vyakula. Anasema kwao hawakuwa na ng'ombe, na maziwa ya shule yalimchefua, akawa anampa mwenzake."

Waliangaliana. Tangi la tatu lilipiga mlio wa joto, na Nyamizi akaenda kulizima.

"Wako wangapi?" Shaweji aliuliza nyuma yake.

"Sijui. Anaweza kuwa peke yake. Wanaweza kuwa watano."

"Ukungu ukiwa mwepesi, mtu akiacha hiyo sukari, huwa unaondoka. Ukikomaa hauondoki. Kwa hiyo kama wapo wengine, kila siku ina maana."

*

Mkuu wa kituo, Bwana Rweikiza, aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho bila kuwakatiza. Alikuwa mhandisi wa hewa kabla ya kuwa mkuu, na ukutani mwa ofisi yake kulikuwa na ubao mmoja tu wenye namba mbili. Namba ya juu ilikuwa siku zilizobaki za uhai wa kichujio: mia mbili na arobaini. Namba ya chini ilikuwa siku zilizobaki kabla ya chombo cha mizigo kuwasili na kichujio kipya: mia mbili ishirini na nane.

"Tuna siku kumi na mbili za akiba," alisema. "Hiyo ni kwa watu wote kumeza Namba Saba. Wote wakiacha, ile ya juu inakuwa mia moja na kumi. Mnaielewa?"

"Tunaielewa, Mkuu."

"Senorina aache kidonge leo hii. Mtu mmoja hatutikisi. Mwambieni ana vidonda vya tumbo. Na wengine wakijitokeza na macho mabovu, Daktari, mmoja mmoja, utawafanyia hivyo hivyo."

"Wakijitokeza watakuwa wameshachelewa," Shaweji alisema. "Nataka niwapime wote."

"Utawapima kwa kuwaambia nini?"

Shaweji aliutazama ubao.

"Ukiwaambia kweli, nusu wataacha kidonge kesho. Na mimi siwezi kumshikilia mtu mdomo nimmezeshe. Ukiwaambia uongo kwamba unapima figo, utakuja kumwambia mtu figo zako nzima lakini acha kidonge, na yeye si mjinga." Rweikiza alimgeukia Nyamizi. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Bi Nyamizi, mtoto wa jicho huondolewa. Nusu saa mezani, mtu anashuka anaona. Wewe umewahi kusikia mtu aliyekosa hewa akapelekwa kuondolewa kukosa hewa?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi. Chombo kikija, wenye macho mabovu wanarudi Duniani kutibiwa, na gharama ni zetu. Mpaka hapo, jambo hili tunalijua watatu. Hiyo ni amri. Najua ni nzito."

Nyamizi alitoka akijaribu kutafuta kosa katika hesabu hiyo. Hakuliona. Alipofika chumba cha kuvu aliirudia tena kwa kalamu, na ilitoka vile vile.

*

Senorina aliachishwa kidonge na kuhamishiwa stoo, kupanga boliti kwa ukubwa, kazi ambayo vidole viliiweza. Kila adhuhuri Nyamizi alimkuta bwaloni akiwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, sahani ameishika kwa mkono mmoja ili ajue ilipo.

Siku ya nane baada ya amri, Nyamizi alikaa karibu naye.

"Tumbo linaendeleaje?"

"Nani huyo? Aa, dada Nyamizi. Tumbo halijawahi kuniuma, dada. Hata sijui hivyo vidonda daktari kaviona wapi." Senorina alicheka kidogo. "Mimi naujua ugonjwa wangu. Mwaka jana wakati tunajenga ule ujia wa kaskazini, kioo cha kinyago changu kilikuwa na mkwaruzo. Nikasema nitakibadilisha wiki ijayo. Nikachomelea hivyo hivyo mwezi mzima. Ni ule mwanga umenichoma."

"Siyo lazima iwe hivyo."

"Ndivyo ilivyo. Nimeshamtumia mama ujumbe Songea. Nimemwambia asimlaumu mtu yeyote huku, ni uzembe wangu mwenyewe. Nikashindwa kuumaliza, nikamwomba Tumpe wa mawasiliano auandike huo uliobaki." Akashusha sauti. "Na yeye maskini anaandika uso umegusa kioo. Nikamwambia, wewe mtoto, unaonaje? Akasema taa za chumba chake zina ukungu siku hizi."

Nyamizi aliacha kutafuna.

"Taa zina ukungu?"

"Ndivyo alivyosema. Ameomba fundi azibadilishe."

Tumpe Mwakasege alikuwa na miaka ishirini na miwili, mdogo kuliko wote kituoni. Nyamizi alimtafuta kwa macho na kumwona meza ya tatu, akiisogeza taa ya mezani ili isimpige usoni, halafu akiirudisha, halafu akiisogeza tena. Mbele yake kulikuwa na sahani tupu ya kunde. Kidonge kilikuwa tumboni mwake tayari.

Hesabu ya Rweikiza ilikuwa bado sahihi. Nyamizi alijiambia hivyo, na ilikuwa kweli. Lakini Senorina alikuwa amebeba kosa ambalo lilikuwa lake yeye Nyamizi, amelibeba mpaka kwa mama yake mzazi, na msichana wa pili alikuwa akimlalamikia fundi wa umeme. Alisimama. Hakuwa amepanga kusimama.

"Naomba mnisikilize," alisema. Watu wachache waligeuka. Akapiga meza kwa kijiko. "Jamani, naomba mnisikilize!"

Aliwaambia yote, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Galaktosi ni nini, inaenda wapi, inafanya nini kwa wachache. Aliwaambia Senorina hana vidonda vya tumbo, kwamba kinyago chake hakikuhusika hata kidogo. Aliwaambia namba mbili za ubao wa mkuu. Aliwaambia wakiacha wote watakufa kabla ya chombo kufika, na kwamba daktari ana kipimo cha dakika tano kinachoweza kumwonyesha kila mtu kama yumo au hayumo.

"Usiache kidonge kabla hujapimwa," alimalizia. "Meza, kula, njoo zahanati baada ya saa mbili. Ikibaki bluu, wewe huna shida."

Vijiko viliwekwa chini. Kisha mtu wa nyuma akauliza, "Umejua lini?"

"Siku nane zilizopita."

"Siku nane tumekula unatuangalia!"

Kelele zilipanda. Senorina alibaki amekaa, uso umegeukia upande ambako sauti ya Nyamizi ilitoka.

"Kwa hiyo si mwanga," alisema.

"Si mwanga. Ni kidonge changu. Nisamehe."

"Nitaona kama nitaweza," Senorina alisema, na akaendelea kula, kwa sababu chakula kilikuwa bado cha moto.

*

Rweikiza hakuja bwaloni kumfokea. Alimwita ofisini, akamwambia kwamba ataandika katika kumbukumbu kuwa amevunja amri, akamruhusu aendelee na kazi maana hakuna mwingine aliyeijua.

Ilitokea kama mkuu alivyotabiri, ingawa si nusu kamili. Watu arobaini waliacha kidonge mlo ule ule wa jioni, na Shaweji akiwa peke yake na mirija sita aliweza kupima watu kumi na wanne tu kwa siku. Wengine walisema hawamezi mpaka waone majibu, na kipimo hakionyeshi kitu kwa mtu asiyemeza. Ubao wa mkuu ulipungua kwa siku moja na nusu kila siku moja.

Hapo ndipo mpishi alipokuja chumba cha kuvu. Chiduo Mazengo alikuwa mtu mnene wa Mpwapwa, mwenye sauti ya kusikika ujia mzima, na alikuwa amekasirika kwa ajili ya jiko lake.

"Bi Nyamizi, watu wanajamba kama mwaka wa kwanza. Mimi nina wazo. Nyumbani maharage tunayaloweka. Siku nzima, maji tunamwaga, tunaweka mengine, tunamwaga tena. Tumbo linatulia. Hapa tumeacha kwa sababu ya hivi vidonge vyako. Nikirudia?"

"Itasaidia," Nyamizi alisema papo hapo. Sukari zile huyeyuka kwenye maji, alilijua hilo vizuri. Zingepungua kwa theluthi. Alikuwa hajapata wazo zuri siku tatu nzima, na hili lilikuja lenyewe na aproni. "Fanya hivyo. Loweka yote."

"Na maji yake?"

"Mwaga tu. Barafu ya kuyeyusha kupata mengine tunayo ya kutosha."

Kwa siku tatu Chiduo aliloweka maharage ya watu tisini na sita katika mapipa manne, na maji yake, manjano na yenye povu, akayamwaga kwenye mfereji wa jikoni. Mfereji ule ulielekea tangi la majitaka.

Siku ya nne asubuhi mfereji uliziba kwa povu. Chiduo alibeba ndoo mbili mwenyewe hadi chumba cha tangi, akaingia, na kwa kuwa pampu ilikuwa imezimwa akanyoosha mkono kuiwasha.

Mlipuko haukuwa mkubwa. Waliokuwa bwaloni walidhani rafu imeanguka. Kisha king'ora kililia, milango ya dharura ikajifunga, na watu wawili wa zamu waliovaa vinyago walimtoa Chiduo akiwa hai, nywele zimeteketea, mikono na uso vimeungua, akilalamika kwa sauti kwamba wasimburute.

Nyamizi alifika mlangoni akanusa. Hapakuwa na harufu ya chochote isipokuwa nywele. Akaelewa. Sukari alizoziondoa kwenye maharage hazikupotea. Alikuwa amezihamisha tu, kutoka matumbo tisini na sita hadi tangi moja lenye joto na bakteria wale wale, na bakteria wakafanya kazi yao ya siku zote. Kipimo cha chumba kile kilikuwa cha kugundua kiberiti. Haidrojeni waliyoitoa, gesi isiyo na harufu inayowaka kwa cheche ya swichi, ilikuwa imejaa hadi darini na kipimo kikionyesha kijani. Mtu yeyote anayetengeneza vimeng'enya angepaswa kuliona hilo. Yeye alikuwa ndiye mtu huyo.

*

"Ripoti inakwenda Duniani leo," Rweikiza alisema. Walikuwa wamesimama zahanati, kando ya kitanda cha Chiduo, kwa sababu mkuu hakutaka kulizungumza mgongoni mwa mgonjwa. Mpishi alikuwa amefungwa bandeji mikono yote hadi viwikoni, na kichwa chote isipokuwa macho na mdomo. "Nimeandika kilichotokea, na nimeandika kwamba amri ilivunjwa."

"Andika pia kwamba maji ya maharage yalikuwa ushauri wangu," Nyamizi alisema. "Aliniuliza ayapeleke wapi. Nikamwambia amwage."

"Nimeshaliandika. Na nimeandika la kwangu. Siku nane." Rweikiza alijikuna kidevu. "Daktari, wamefika wangapi?"

"Nimemaliza wote asubuhi hii. Tangu mlipuko watu wamejipanga wenyewe, hakuna anayebisha tena. Waliobaki bluu wamerudi kwenye kidonge, isipokuwa fundi mmoja wa pampu. Anasema hata akionyeshwa mrija wake hamezi." Shaweji alisoma karatasi. "Wenye tatizo ni wanne. Senorina, Tumpe, na wawili wa mashambani ambao hawajaona dalili yoyote. Wawili hao hawatakuja kuona dalili. Tumpe ukungu wake bado mwepesi."

"Wanne bila kidonge, wanakula maharage, mpaka chombo kije. Pamoja na tulichopoteza." Rweikiza hakuhitaji ubao. "Hatufiki. Tunapungukiwa siku tano, ukimhesabu na huyo wa pampu."

Wote walijua neno linalofuata lingekuwa nini: kwamba wanne wale wamezeshwe kidonge cha zamani, nusu dozi, wapofuke polepole kidogo.

"Viazi," Chiduo alisema kutoka kitandani.

"Nini?"

"Viazi, Mkuu. Kila Jumapili kila mtu anapata kiazi kimoja. Tisini na sita kwa wiki. Wape wanne. Ni ishirini na vinne kwa kila mmoja, na yale majani ya mwani tunayokuza majini. Watachoka navyo mpaka watavichukia, lakini wataishi. Asiyekula maharage hana gesi ya kukuharibia kichujio." Alipumua. Kuongea kulimuuma. "Stoo ninaijua mimi. Nyie mnahesabu hewa tu."

Rweikiza alihesabu midomo ikimtembea. "Tunavuka," alisema. "Siku sita mkononi." Kisha akasema, "Lakini viazi ni vya watu. Siwezi kuvichukua kwa amri. Lazima waulizwe."

Waliulizwa siku ile ile mchana. Kiazi cha Jumapili kilikuwa kitu pekee cha kushibisha kituoni kisichotokana na maharage, na watu walikuwa wakikila taratibu, wengine kwa macho yaliyofungwa. Mtu mmoja aliuliza kwa nini alipie kosa la mwanamke wa kuvu. Mwingine akamwambia akae chini. Walipoinua mikono, sitini na mmoja walikubali, ishirini na tatu walikataa, na waliobaki waliangalia meza. Ilitosha.

*

Wiki sita baadaye Tumpe alileta zahanati orodha ya mizigo iliyokuwa inakuja na chombo, akaisoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, karatasi ameishika mbali na uso wake kama mtu yeyote. Alisema, "Shikamoo, Bi Nyamizi," akaitikiwa, akaondoka mbio kwa sababu zamu yake ilikuwa imeanza.

Senorina alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Chiduo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepata nafuu kiasi cha kutambua rangi ya nguo. La kulia lilikuwa halijabadilika, na Shaweji alishamwambia halitabadilika bila kisu. Mapajani alikuwa na bakuli la viazi vilivyopondwa, vya kwake mwenyewe. Mikono ya mpishi ilikuwa bado ndani ya bandeji.

"Juu kidogo," Chiduo alisema. "Hapana, hilo ni sikio."

"Tulia basi. Unatikisika."

Nyamizi alivuta kigoda. Alikuwa akija kila siku. Chiduo alimtazama kwa yale macho mawili ndani ya kitambaa.

"Bi Nyamizi, nikuulize kitu, usiniogope. Siku ile bwaloni. Kama ungejua mimi nitakuja kuungua, ungesimama?"

Alifikiri. Alitaka kumpa jibu la kumtuliza, na aligundua kwamba alikuwa amechoka na majibu ya namna hiyo.

"Sijui," alisema. "Kila siku najiuliza. Tumpe anaona. Wale wawili wa mashambani hawatajua kamwe walikuwa karibu na nini. Nikifika hapo nasema ndiyo, ningesimama. Halafu nakuja hapa, nakuona, na nakosa la kusema."

"Mimi ningetaka asimame," Senorina alisema.

"Wewe una sababu zako," Chiduo alimjibu.

"Ninazo."

Mpishi alimgeukia Nyamizi. "Mimi nimekasirika," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mjue tu. Nitakasirika kwa muda. Lakini usiache kuja."

"Sitaacha."

"Haya." Alifungua mdomo. Senorina alichota, akainua kijiko mbele ya ukungu wake, akasubiri.

"Kushoto," Chiduo alisema. "Kushoto tena. Hapo hapo. Leta."

Kijiko kilifika.